Duke wetu anapiga kelele, na hadhira inamhurumia

SWALI

Ndugu Mshauri,

Salaam. Mimi ni mlezi wa chama cha drama katika shule moja ya upili, Kaunti ya Kakamega. Mwaka huu tumetafsiri kwa Kiswahili shairi la Robert Browning, *My Last Duchess*, liwe shairi la mtu mmoja jukwaani. Kwa wasiolijua: mtawala wa Ferrara, Italia, mwenye cheo cha Duke, anamwonyesha mgeni picha ya mke wake aliyekufa, anaeleza kilichomuudhi kwa mke huyo, kisha anarudi kwenye mazungumzo ya kuoa mke mwingine. Mgeni ni mjumbe wa baba wa huyo mchumba. Ni Duke peke yake anayesema mwanzo hadi mwisho.

Mwigizaji wetu ni mvulana wa Kidato cha Tatu, mwenye sauti nzito na kumbukumbu nzuri. Hata hivyo, tumelionyesha mara mbili mbele ya shule na mara zote mbili limeanguka.

Kwanza, watu walicheka pasipostahili. Tuliposema mke "alimpanda nyumbu mweupe", ukumbi mzima uliangua kicheko. Pili, hawakuelewa kwamba mke aliuawa. Mmoja aliuliza, "Kwani alirudi kwao?" Tukaongeza maneno "nikaamuru auawe", lakini mwenzangu wa idara ya Kiingereza akasema tumeliharibu shairi. Tatu, na hili linanisumbua zaidi, wavulana wengi walitoka wakimtetea Duke: eti mke alikuwa anachekacheka na kila mtu, mume afanyeje?

Tumemweka msichana nyuma ya fremu ya mbao awe picha, lakini anatikisika. Mwigizaji anasimama katikati ya jukwaa, na afikapo kwenye wivu anapaza sauti na kukunja ngumi. Beti tulizipanga kitarbia, mizani 8 kwa 8, zikasikika kama shairi la kumsifu mgeni wa heshima. Mistari ya mwisho kuhusu sanamu ya Neptune tuliikata kwa kuwa hakuna anayemjua. Neno la mahari tuliliacha lilivyo.

Tuna wiki tano. Tuanzie wapi?

Mlezi wa drama, Kakamega

JIBU

Mwalimu, salaam nawe. Wiki tano zinatosha, mradi mbili za kwanza mzitumie mezani na kalamu kabla ya kurudi jukwaani. Karibu kila kasoro uliyoitaja inatokana na kosa moja: mmelisoma shairi hili kama uzungumzinafsi. Katika uzungumzinafsi mhusika yuko peke yake, anajifunulia, na hadhira huamini kwamba anasema yaliyo moyoni. Hapa sivyo. Kuna nafsinenewa, yaani anayeambiwa, aliyekaa kitini, na mtu huyo ametumwa na Count, yaani bwana mkubwa mwenye binti. Kila neno la Duke litafika kwa baba mkwe mtarajiwa na kwa binti mwenyewe. Duke hakiri kosa. Anatoa masharti ya ndoa ijayo, na mke aliyekufa ndiye mfano anaoutumia kuyaeleza.

Mvulana wako akilishika hilo, ngumi zitakunjuka zenyewe. Anayetoa masharti akijua ana nguvu hapazi sauti. Mpe kitendo cha kucheza badala ya hisia ya kucheza. Usimwambie "uwe na wivu", mwambie "mfanye mjumbe huyu abebe ujumbe bila wewe kuutamka". Wako wahakiki wanaosema Duke anajisahau, maneno yanamponyoka. Mimi siafiki, kwa sababu katika mstari wa 6 anasema mwenyewe kwamba jina la mchoraji, Frà Pandolf, alilitaja kwa makusudi. Lakini acheni nyufa mbili. Mstari wa 22 anakatiza kutafuta neno, "nisemeje?", na wa 32 anakwama tena kueleza jinsi mke alivyoshukuru watu. Hapo tu pumzi ikatike kidogo, halafu adabu irudi.

Tafsiri kwanza

Kicheko cha nyumbu hakikuwa kosa la hadhira. Kamusi inasema kweli, nyumbu ni mnyama chotara wa punda na farasi, lakini mtoto wa Kenya akisikia "nyumbu" anaona wale wanaovuka Mto Mara. Andikeni "baghala", neno la pwani lenye maana hiyo hiyo bila makundi ya Mara nyuma yake. Asiyelijua atajua ni mnyama wa kupandwa kwa kuwa kitenzi kinamwambia. Cheri ziacheni ziitwe cheri, msizigeuze zambarau. Tupo Ferrara.

Kubakia Ferrara ni muhimu zaidi ya inavyoonekana. Msishawishike kumfanya Duke sultani wa pwani. Mtu wa aina hiyo asingemketisha mjumbe mgeni mbele ya sura ya mke wake, na mkataba mzima wa mali ungegeuka juu chini. Hapo ndipo penye tatizo la mahari, ambalo mmelipita haraka. Kwetu mahari hutoka upande wa mume. Katika Italia ya karne ya 16 mali ilitoka kwa baba wa bibi harusi kwenda kwa mume. Mkisema "mahari", msikilizaji wa Kakamega anamwona Duke akijiandaa kulipa ng'ombe, na anamwona mkarimu! Kumbe ndiye anayedai. Semeni "mali atakayokuja nayo binti". Ni ndefu, lakini haidanganyi. Kwa sababu hiyo hiyo mgeni asiitwe mshenga, kwani mshenga hutumwa na upande wa mume. Huyu ni mjumbe wa upande wa pili.

Kichwa mmekipa nini? Hukuniambia, lakini nashuku ni "Mke Wangu wa Mwisho". Kwa Kiswahili hiyo ina maana kwamba hataoa tena, na shairi linaishia kwenye posa. Neno la Browning linabeba mawili: aliyekuwapo kabla ya huyu ajaye, na wa mwisho. Jaribuni "Mke Wangu Aliyetangulia". Kutangulia ni kuwa mbele katika foleni, na katika kinywa cha Mswahili ni kufariki pia. Hapo msikilizaji anapata kifo na foleni katika neno moja, na Duke hajasema lolote baya. Wala msione haya kubadili kichwa. Shairi lilipotoka mara ya kwanza mwaka 1842 halikuwa na jina hili. Liliitwa "Italia" tu, likiwa limeunganishwa na jingine lililoitwa "Ufaransa". Jina tunalolijua lilikuja 1849.

Ngeli nazo ni silaha, na Kiingereza hakina silaha hii kwa ukali wetu. Shairi linaanza kwa kumwonyesha mke ukutani na mara linageuka kuita kitu hicho kazi ya ajabu. Basi anzeni na "Yule pale ukutani", kisha mhame: "kazi ile inastaajabisha". Kutoka *a-* kwenda *i-* mke amekuwa kitu, na mwigizaji hakulazimika kukunja uso. Mwishoni, "yule pale amesimama" inarudi. Hakikisheni kila upatanisho umechaguliwa, usiwe umeteleza.

Kitenzi cha kushuka, *stoop*, kimetajwa mara tatu, mistari ya 34, 42 na 43. Wengi wangeandika "kujishusha". Tatizo ni kwamba "kujishusha" katika mahubiri yetu ni sifa njema, na inamfanya Duke aonekane tu mtu asiye mnyenyekevu. Tumieni "kuinama", neno moja kwa mara zote tatu. Hadhira yote inajua mtaka cha mvunguni hufanyaje. Msiitie methali hiyo ndani ya shairi. Wataikamilisha wenyewe, nao watasikia mtu anayekataa kuinama hata kumwambia mkewe kosa ni lipi. Hilo ndilo kosa lake kuu: mke alihukumiwa bila kusomewa shtaka, kwa kuwa kumsomea kungekuwa kuinama.

Kuhusu macho ya mke yaliyotua kila mahali, angalieni msitumie "mapepe" wala "macho ya nje". Maneno hayo yanamhukumu msichana, na huenda ndiyo yaliyowapa wavulana wenu hoja. Browning anaacha kauli ikiwa na sumu nusu. "Alipenda kila alichokiona, na macho yake yalifika kila mahali" inatosha.

Amri

Mwenzako wa Kiingereza ana haki. Futeni "auawe". Lakini hadhira yako nayo haikukosea, kwani walikosa cha kushikia. Kiswahili kina dawa yake: *-ka-*. Angalia mfuatano huu: "Mambo yakazidi. Nikatoa amri. Matabasamu yote yakakoma." Hakuna "kwa hiyo", hakuna "ndipo", hakuna kitenzi cha kuua. Sikio la Mswahili likisikia *-ka-* tatu mfululizo linaona jambo likizaa jambo. Mkiandika "nilitoa amri na matabasamu yalikoma", mnyororo umekatika na mtu anauliza kama mke alirudi kwao.

Namna ya kulitamka: asitue kabla ya "nikatoa amri". Kutua kabla ni kupiga ngoma ya onyo. Apite hapo kwa mwendo ule ule aliosemea baghala na cheri, tena sauti ishuke kidogo. Baada ya "yakakoma", anyamaze kwa pumzi mbili kamili, akiendelea kutazama picha. Tatu ni nyingi. Hadhira itaanza kudhani amesahau. Kisha "Yule pale amesimama, kama yu hai", na papo hapo, kwa ukarimu wa mwenyeji, amkaribishe mgeni ainuke. Kinachoshtua ni ukaribu wa hayo mawili. Ukiweka ukimya mwingine katikati, umewapa watu nafasi ya kupumua.

Je, alimuua kweli? Browning alipoulizwa uzeeni alisema amri ilikuwa auawe, kisha akaongeza kwamba labda angeweza kufungiwa katika nyumba ya watawa. Yaani hata yeye aliuacha mlango wazi. Duke wa kihistoria anayehusishwa na shairi ni Alfonso wa Pili wa ukoo wa Este. Alimwoa Lucrezia de' Medici mwaka 1558, Lucrezia akiwa na miaka 13. Alikufa Aprili 1561 akiwa na 16. Uvumi wa sumu ulienea, ingawa siku hizi inadhaniwa ni kifua kikuu. Mwaka 1565 Alfonso akamwoa Barbara wa Austria, binti wa Kaisari Ferdinand wa Kwanza. Katika shairi lenyewe jina la Alfonso halimo. Kuna "Ferrara" tu chini ya kichwa. Kwa hiyo msimwandike Alfonso katika utangulizi kana kwamba ni ripoti ya polisi. Ila waambieni wavulana umri wa Lucrezia. Ni rika lao.

Wavulana wanaomtetea

Msiwahubirie. Wapeni karatasi waandike hati ya mashtaka: mke alifanya nini, lini, na nani, kwa kutumia yaliyomo katika mistari ya 25 hadi 31 peke yake. Watapata vitu vinne vilivyomfurahisha. Pambo ambalo Duke mwenyewe alimvika kifuani. Jua likizama magharibi. Tawi la cheri ambalo mtu fulani alimkatia bustanini. Baghala mweupe. Basi. Mtu mwingine yumo katika kimoja tu kati ya vinne, naye hana hata jina, anaitwa mpumbavu. Mchoraji aliyemsifia mke ni mtawa. "Frà" maana yake ni ndugu wa utawani. Mzinzi hayumo. Duke ana wivu na machweo.

Halafu waulizeni kosa hasa limetajwa wapi. Liko mistari ya 31 hadi 34: alishukuru watu wote kwa kiwango kimoja, kana kwamba jina la miaka 900 ni zawadi kama zawadi nyingine. Hapo ndipo wivu unapovuliwa nguo na kukutwa ni hesabu ya cheo. (Utawala wa jina hilo Ferrara haukufika mbali. Alfonso alikufa 1597 bila mtoto, na mwaka uliofuata Ferrara ikachukuliwa na Papa. Hilo si la kusemwa jukwaani, lakini mwigizaji akilijua litamkaa machoni.)

Kama bado wanamtetea baada ya zoezi hilo, mrudieni mwigizaji. Mara nyingi hadhira humhurumia Duke kwa sababu mwigizaji amelia. Machozi na ngumi ni alama za mtu aliyeumizwa. Viondoeni, abaki mtu mwenye subira nyingi anayeeleza jambo dogo. Hakuna atakayemhurumia.

Umbo

Tarbia haifai hapa, na sababu ni ya kiufundi. Bahari zetu za jadi hupenda mshororo unaojitosheleza. Kina kinapogonga, maana imetua. Browning alifanya kinyume. Ana mistari 56, mizani 10 kila mmoja, yenye vina viwili viwili, lakini mingi ni mishata: maana inavuka mwisho wa mstari na kutua katikati ya unaofuata. Vina vipo, ila vimefichwa chini ya mazungumzo, kama kamba ndani ya pindo la pazia. Msikilizaji anahisi kuna kitu kinabana bila kukiona. Duke anasema hana ufundi wa kusema, huku akitiririsha vina 28 vya jozi bila kujikwaa. Kinaya hicho mkikipoteza mmepoteza nusu ya mtu huyu.

Kiswahili kina hatari yake. Maneno yetu mengi huishia irabu na vina huja bure, kwa hiyo hulia kwa nguvu. Pia maneno ni marefu. Mstari wa kwanza wa Kiingereza una mizani 10. "Yule pale ukutani ni mke wangu aliyetangulia" una 20, na ukuta tu umeutaja, mchoro bado. Msijaribu kubana kwenye 10. Lengeni 17 au 18 kwa mstari, kila jozi iwe sawa kwa mizani, kina kimoja cha mwisho, bila kina cha kati, na sentensi isimalizike penye kina. Kwa mfano:

Alitabasamu, bwana, nikipita. Lakini nani
alipita asilipate lile lile? Mambo ndani
ya nyumba yakazidi. Nikatoa amri. Yakakoma
matabasamu yote pamwe. Yule pale amesimama

Hapo kuna mizani 17, 17, 18 na 18, vina *-ni* na *-ma*. "Ndani ya nyumba" imeongezwa kwa ajili ya kina, na nyie mtalazimika kuongeza vitu vidogo kama hivyo. Ongezeni visivyotoa siri.

Kwa kipimo hicho mnapata karibu mizani 980. Mwigizaji akienda mizani 4 kwa sekunde ni dakika 4 na kidogo kabla ya kutua popote. Pimeni kwa saa mapema. Kama muda mliopewa ni mfupi, punguzeni katika mistari ya 37 hadi 41, penye maelezo ya jinsi ambavyo angeweza kumrudi mke. Msiguse 43 hadi 56.

Ili mvulana asiimbe vina, mpe nakala iliyoandikwa kama nathari, bila mistari, yenye alama moja tu ya mkwaju penye nukta. Aihifadhi hivyo. Nakala ya mistari aione wiki ya tatu. Akiihifadhi kimashairi kwanza, kutua penye kina kutamganda ulimini na hakutoki tena.

Jukwaa

Msichana wa kwenye fremu aondoke. Si kwa sababu ya kutikisika tu. Hadhira ikimwona msichana hai, inamtazama yeye na kumsubiri afanye kitu. Shairi la mtu mmoja libaki la mtu mmoja. Picha iwekeni upande wa watazamaji: doa kwenye ukuta wa nyuma wa ukumbi, kama mita 2 na nusu kutoka sakafuni, katikati kabisa. Bandikeni karatasi nyekundu wakati wa mazoezi ili macho yake yazoee pale pale kila mara. Macho yakihama hata hatua moja, picha imebomoka.

Pazia la picha lifunguliwe kwa kitendo kabla ya neno la kwanza, mkono mmoja ukivuta kamba ya kuwazika kutoka juu hadi kiunoni, polepole. Katika mstari wa 10 Duke anasema hakuna mwingine anayelivuta ila yeye. Alipokuwa hai mke alimtabasamia yeyote. Sasa Duke ndiye anayeamua nani aone tabasamu. Kwa kuwa ni picha ya ukutani na Duke anasema kazi ilikwisha kwa siku moja, wengi huona hapa mchoro juu ya plasta mbichi ya chokaa, ambao lazima upakwe kabla plasta haijakauka. Mchoro wa namna hiyo haubebeki. Familia ya marehemu haiwezi kuja kuudai. Shairi halifungi pazia tena mwishoni. Mkitaka alifunge, afanye hivyo baada ya kumwinua mgeni, mstari wa 47, bila kulitazama.

Kiti kimoja, mbele kushoto kwa mwigizaji, kikielekezwa mshazari kwa hadhira. Hicho ndicho mjumbe. Duke anamkaribisha kuketi mstari wa 5 na kumwinua wa 47, na kati ya hapo yeye mwenyewe haketi kamwe. Neno "bwana" la kumwita mgeni lipo mara nne, mistari ya 13, 25, 43 na 54. Kila mara macho yatoke kwenye picha yaende kitini, kwenye urefu wa uso wa mtu aliyekaa. La nne yaende juu, kwa maana mgeni sasa amesimama. Kosa la kawaida ni kumsahau mjumbe kuanzia mstari wa 14 na kuwahutubia watazamaji. Wekeni mwanafunzi kwenye kiti wakati wa mazoezi, umwagize ageuke, akohoe, atake kuuliza, ili Duke azoee kujibu. Wiki ya nne umwondoe.

Maleba yawe machache: koti jeusi lenye kola, pete moja. Taji hapana. Upanga hapana kabisa.

Na Neptune mmrudishe. Katika mstari wa 53 mgeni amefanya jambo, pengine amerudi nyuma ampishe mkubwa, pengine anataka kutoroka, na Duke anamzuia kwa upole washuke pamoja. Bega kwa bega, mkono ukiwa karibu na kiwiko cha hewa, usikiguse. Ndipo anapomwonyesha sanamu ya shaba: Neptune akimfuga farasi wa bahari. Hadhira haihitaji kumjua. Semeni "Neptune, mungu wa bahari" na kitenzi "kufuga" kifanye kazi iliyobaki. Mke alitajwa na kuonyeshwa, kisha sanamu ikatajwa na kuonyeshwa, kwa sauti ile ile. Claus wa Innsbruck aliyeisubu ni wa kubuni kama Frà Pandolf, ila Innsbruck ni mji wa kweli huko Tirol. Neno la mwisho la shairi ni la Duke kujitaja, kwa hiyo tafsiri nayo iishie kwenye "mimi": "aliyonisubia mimi". Msimalizie na jina la sanamu.

Baada ya neno hilo atoke kwa hatua zile zile, akiwa bado na mgeni wake pembeni, kiti kibaki wazi chini ya taa. Wakipiga makofi na ikabidi arudi kuwashukuru, asimame tu mgongo wima na kuwatazama. Asiwainamie.